Springi za Valvu kwa Dizeli ya Turbo: Kadiri Inayotosha

Miongoni mwa maswali ambayo wenye malori na mafundi wao hawachoki kuyauliza, limo hili moja ambalo huja kwa sura nyingi, walakini kiini chake ni kile kile: nimeongeza upepo wa turbo, au nimefunga breki ya ekzosi, au nimelegeza gavana injini ipate kuzunguka zaidi, je, nitafute springi za valvu zenye nguvu kiasi gani? Aulizaye aghalabu hutaraji kupewa namba moja, aiandike katika kikaratasi, kisha ashuke nayo Gerezani kule Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, akanunue. Namba hiyo haipo, na muuzaji akutajiaye bila ya kwanza kukuuliza moshi wa injini yako unatoka kwa taabu kiasi gani, basi huyo anakuuzia bahati nasibu. Kilichopo ni njia ya kuipata, nayo haihitaji elimu kubwa ila geji mbili, venia, kalamu, na subira ya siku moja.

Jawabu langu nalitoa mapema, ili asiyetaka kusoma mengi asitoke mikono mitupu: chagua springi iliyo dhaifu kuliko zote, maadamu bado yaweza kuifunga valvu ya moshi dhidi ya kile kinachoisukuma. Kila kilo utakayoiongeza juu ya hapo itakuja kulipwa na kamshafti.

## Springi inapigana na nini

Kuna maadui watatu, nao hawana nguvu sawa.

- Uzito wa valvu yenyewe pamoja na roka, pushirodi na tapeti, vitu ambavyo vikisharushwa havitaki kurudi. Nguvu itakiwayo kuvirudisha haikui sambamba na mwendo, bali hukua kwa mraba wake: injini ikitolewa kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika ikapelekwa 3,200, ongezeko ambalo kwa macho halifiki hata robo, kazi ya springi huongezeka kwa nusu nzima.
- Upepo wa turbo, unaoikandamiza valvu ya hewa kwa mgongoni.
- Msukumo wa moshi uliobanwa baina ya kichwa cha silinda na turbo, au baina ya injini na kifuniko cha breki ya ekzosi, kile kinacholiziba bomba la moshi, unaoikandamiza valvu ya moshi kwa mgongoni vile vile.

Wengi wa wanaouliza humwogopa adui wa pili, ilhali anayewavunjia injini ni wa tatu.

## Kwa nini upepo si wa kuogopwa sana

Najua kwamba hapa msomaji atanipinga, kwa kuwa amesikia kwa watu wa mashindano kwamba upepo wa turbo sharti uzidishwe kwa eneo la valvu ya hewa, kisha jumla hiyo itolewe katika nguvu ya springi. Tuifanye hesabu hiyo: valvu ya hewa yenye kipenyo cha milimita 46, ukiisha kuondoa unene wa shina lake, ina eneo la sentimita mraba 16 hivi; upepo wa kilo 1.5 kwa sentimita mraba utaisukuma kwa kilo 24. Ni nyingi, lau kama upande wa pili wa valvu hiyo pangekuwa patupu. Lakini hapako patupu. Valvu ya hewa inapokuwa imefungwa, ndani ya silinda mna mgandamizo, au mna mwako, au mna moshi unaotolewa, na moshi huo katika dizeli nyingi za turbo una msukumo uliolingana na upepo ama kuupita. Basi hesabu iliyo sahihi ni ya tofauti baina ya pande mbili, na tofauti hiyo kwa valvu ya hewa mara nyingi ni ndogo mno.

## Moshi, na mteremko wa Kitonga

Sasa itazame valvu ya moshi. Pistoni inaposhuka ikivuta hewa, valvu ya moshi imefungwa, na ndani ya silinda mna upepo wa turbo peke yake. Nyuma ya valvu, ndani ya manifoldi, silinda nyingine zinamwaga moshi wao. Moshi huo ukiuzidi upepo kwa kiasi cha kuishinda springi, valvu hujiinua kitini bila ya amri ya kamshafti, moshi ukarudi ndani, kisha valvu ikajibamiza tena kitini. Hubamiza hivyo mara nyingi katika kila dakika, mpaka kiti kinazama na kingo za valvu zinakuwa kama zilizotafunwa.

Lori linapopanda na mzigo, tofauti hiyo kwa kawaida si kubwa, kwa sababu upepo nao umepanda. Hatari ipo kwenye kushuka. Dereva anayeteremka Kitonga au Sekenke akiwa amefunga breki ya ekzosi, injini yake haichomi mafuta, turbo yake imelala, ndani ya silinda hamna upepo wa kuisaidia springi, na nyuma ya valvu moshi na hewa vimebanwa kwa makusudi. Hapo springi iko peke yake.

Tena kuna jambo ambalo madereva hulalamikia bila ya kulijua asili yake: breki ya ekzosi iliyokuwa ikishika vizuri, baada ya miaka ikawa haishiki. Mara nyingi kifuniko ni kizima na bomba halivuji, illa springi zimechoka, na valvu zikiisha kujiinua hupunguza ule msukumo ambao ndio breki yenyewe. Kabla hujanunua kifuniko kipya, zipime springi.

## Namna ya kupima msukumo wa moshi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa na watu wengi. Geji ya upepo wanayo; geji ya moshi hawana, kwa hiyo wanakisia.

1. Tafuta tundu katika manifoldi ya moshi, *kabla* ya turbo. Penye tundu la geji ya joto la moshi patafaa. Kama hapana, manifoldi ifunguliwe itobolewe mezani, si juu ya gari, maana vumbi la chuma likiingia katika turbo litakula mapanga yake.
2. Funga hapo bomba jembamba la chuma au la shaba, lenye urefu wa mita moja au zaidi, ulizungushe mara kadhaa ili moshi upoe njiani. Mpira wa kawaida usiufunge karibu na manifoldi, utayeyuka.
3. Mwishoni weka geji isomayo hadi kilo 7 kwa sentimita mraba, uilete mahali ambapo mtu wa pembeni aweza kuisoma. Dereva asiisome, kazi yake ni barabara.
4. Pakia gari mzigo wake wa kawaida. Panda mlima kwa mafuta kamili, na mwenzako aandike geji zote mbili, ya upepo na ya moshi, kwa wakati mmoja.
5. Kisha teremka kwa breki ya ekzosi, katika gea na mwendo ambao kwa kweli huutumia, aandike geji ya moshi tena.

Geji itatetemeka, nayo inakuonyesha wastani tu. Mapigo ya moshi ya silinda moja moja huruka juu ya wastani huo. Kwa hiyo mimi huongeza robo juu ya hesabu yoyote itokanayo na geji hiyo, wala sijaona sababu ya kuongeza zaidi.

Ukiona kwamba wakati wa kupanda moshi ni maradufu ya upepo au zaidi, kwa mfano upepo 1.5 na moshi 3 na ushei, acha habari ya springi. Turbo yako ni ndogo kuliko mafuta unayoyamwaga, au bomba limeziba, na joto litakumalizia pistoni kabla valvu hazijapata nafasi ya kulalamika.

## Hesabu yenyewe

Tuchukue valvu ya moshi yenye kipenyo cha milimita 40 na shina la milimita 8. Eneo lake, shina likiisha kutolewa, ni sentimita mraba 12. Tuseme springi za kiwandani zina kilo 30 valvu ikiwa imefungwa, na kwamba kila milimita ya kubanwa huongeza kilo 4.

*Wakati wa kupanda:* moshi 2.4, upepo 1.5, tofauti 0.9. Mara 12 ni kilo 11. Ukiongeza robo, haifiki 14. Springi ya kilo 30 yatosha, tena imebaki na akiba kubwa. Wewe uliyeongeza upepo bila ya kugusa gavana na bila ya kufunga breki ya ekzosi, jawabu lako ni hili: fedha zako zibaki mfukoni.

*Wakati wa kuteremka:* breki inafikisha kilo 3, upepo ni sifuri. Mara 12 ni kilo 36. Ukiongeza robo, kilo 45. Springi ya kilo 30 haitoshi, na hapo una njia mbili:

- kutafuta springi yenye kilo 45 valvu ikiwa imefungwa, au
- kupunguza ukali wa breki. Vifuniko vingi vina tundu au skrubu ya kuvizuia visizibe kabisa. Msukumo ukishushwa hadi kilo 2, hesabu pamoja na robo yake inarudi 30, na huhitaji kununua chochote.

Katika hali zote mbili, kiasi cha juu cha msukumo alichokiruhusu mtengenezaji wa injini usikivuke, hata kama springi zako ni za chuma cha ajabu, kwa maana alipokiweka alifikiri pia habari za mihuri ya turbo na gasketi za manifoldi.

Walakini hesabu haijaisha. Valvu ikifunguka milimita 10, springi ya kiwandani hufika kilo 70. Ile mpya, ikiwa ugumu wake kwa milimita ni ule ule, hufika 85. Roka nayo huuzidisha mzigo huo: ikiwa mkono wake ni wa moja na nusu, ncha ya kamshafti iliyokuwa ikibeba kilo 105 sasa inabeba 127 na nusu. Hiyo ndiyo bei, nayo hulipwa kila valvu inapofunguka, mchana na usiku, mlimani na tambarare.

## Ile springi ya pauni 60

Watu wengi wamesikia habari za springi za pauni 60, nao huzitaka kwa kila injini. Zilipata umaarufu Marekani, kwa wenye magari ya Dodge Ram yaliyofungwa injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9 yenye valvu 12, iliyouzwa ndani ya magari hayo tangu 1989 mpaka 1998. Injini hiyo ikitoka kiwandani gavana wake huanza kukata mafuta karibu na mizunguko 2,500, na watu walipozoea kubadili springi za gavana ili ifike 3,000 na zaidi, na kufunga breki za ekzosi zifikazo pauni 60 kwa inchi ya mraba, yaani kilo 4 na kidogo kwa sentimita mraba, springi za asili zilishindwa.

Basi jina hilo ni la injini ile na matumizi yale. Springi ya jina hilo hilo ukiifunga katika injini nyingine, yenye kimo kingine na roka nyingine, haitakupa nguvu hiyo hiyo. Mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ aliyefunga turbo ya upepo mdogo, asiyegusa gavana, nampa shauri hili bila ya kusita: springi zako za Toyota ziache mahali pake, na bidii yako uielekeze kwenye joto la moshi, kwani injini hiyo haikuzaliwa na turbo, na udhaifu wake uko kwenye joto.

## Kimo ndicho kinachoamua

Nguvu iliyoandikwa kwenye boksi ni ya kimo fulani tu. Springi iliyoandikwa kilo 45 kwa kimo cha milimita 42, ukiifunga mahali penye milimita 44, kwa ugumu wetu wa kilo 4 itakupa 37. Na viti vilivyochongwa mara mbili tatu katika maisha ya injini huizamisha valvu, shina likatokeza zaidi juu, kimo kikarefuka. Ndiyo maana injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo hupata springi dhaifu, ingawa springi zenyewe ni mpya.

Yapasa upime, kwa kila valvu, wala usipime moja ukadhani nyingine zinafanana:

- kimo cha springi iliyofungwa, toka inapokalia mpaka chini ya kofia yake;
- nafasi baina ya mapindi valvu ikiwa imefunguka kabisa. Kwa jumla isipungue milimita 1.5, maana mapindi yakigusana, kitu kitavunjika;
- nafasi baina ya kofia na sili ya shina, nayo isipungue milimita 1.5;
- unyofu wa springi, kwa kuisimamisha kando ya guni. Iliyoinama itupwe, hata ikiwa mpya.

Kupima nguvu bila ya mashine maalumu kwawezekana kwa mizani ya kupimia watu na mashine ya kutoboa ya mezani: springi juu ya mizani, mashine ikiwa haina keekee, mkono wake uibane taratibu mpaka kimo chako, usome. Vaa miwani, na uso wako usiwe juu yake. Springi yoyote iliyopungua sehemu moja kwa kumi chini ya ile ya kitabu, isirudi ndani.

Kimo kikizidi kidogo, weka chini ya springi washa ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Washa za bolti zitaliwa, na vumbi lake litakwenda kwenye beringi. Na washa ni za kurekebisha kimo tu: asiyekuwa na springi inayofaa akazipachika tatu nne ili kuipa nguvu ile iliyochoka, atayagusisha mapindi.

## Makosa yanayorudiwa

Kununua springi za mtumba. Springi iliyotoka katika injini iliyochemka huenda imepoteza nguvu yake, wala macho hayaoni. Nunua mpya, au pima kila moja.

Kubadili mbili tatu tu. Zilizochoka huchoka pamoja. Unaweza kubadili za moshi zote ukaziacha za hewa, ikiwa sababu yako ni breki. Lakini usichanganye nguvu mbali mbali katika valvu za kazi moja.

Springi ngumu juu ya tapeti za zamani. Tapeti bapa na kamshafti vimezoeana kwa miaka. Kila tapeti irudi mahali pake. Kama kamshafti ni mpya, iianze kazi kwa springi za kawaida, injini izungushwe dakika 20 baina ya mizunguko 1,500 na 2,000 bila ya kuachwa ilale polepole, kisha oili imwagwe, na ndipo zifungwe springi ngumu.

Kudhani kila ukosefu wa nguvu ni springi. Injini inayotoa moshi mweusi na kushindwa mlimani mara nyingi inakosa hewa au imezidishiwa mafuta. Kuelea kwa valvu, yaani kutokaa kitini kwa wakati wake, hutokea kwenye mwendo wa juu, au kwenye breki, si kwenye mlima wa gea ya pili.

## «Lakini fundi wangu anasema…»

*…kwamba ngumu zaidi ni salama zaidi, ikielea valvu itagonga pistoni.* Ni kweli kwamba katika dizeli nafasi baina ya valvu na pistoni ni nyembamba mno. Lakini hofu hiyo ni ya mwendo, na dawa yake ya kwanza ni gavana. Mwenye lori la mizigo hana sababu ya kuupita mwendo aliopangiwa na kiwanda.

*…kwamba hedi lazima ishushwe.* Si lazima kila mara. Injini nyingi za roka huruhusu springi kubadilishwa gari likiwa zima: pistoni ifikishwe juu kabisa, na kwa kuwa katika dizeli iko karibu sana na hedi, valvu ikiachiwa hushuka kidogo tu ikalala juu yake. Bali kabla ya kufungua, ziba kwa vitambaa kila tundu la oili na la pushirodi, kwa sababu vile vipande viwili vidogo vinavyoishika kofia hupenda kuruka, na kimoja kikitumbukia humo kazi ya asubuhi itakuwa ya wiki. Tumia sumaku kuviokota. Na injini isizungushwe hata kidogo wakati valvu haina springi.

*…kwamba baada ya hapo ni kuwasha tu.* Hasha. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ukisikia kizuizi simama. Kisha pima upya nafasi za valvu kwa fila, injini ikiwa baridi, kwa kipimo cha kitabu chako. Kwa ile Cummins ya valvu 12, hewa ni milimita 0.25 na moshi ni 0.51. Zipime tena baada ya safari ya kwanza ndefu. Nafasi ya moshi ikiwa imepungua katika valvu moja tu, kiti chake kinazama; ikiwa imeongezeka, fungua kifuniko cha tapeti kama injini yako inacho, uimulike kamshafti kwa tochi kabla ya kulipakia gari tena.